Kuipamba Nyumba ya Pangani

Benchi la pale Masieda, Mbulu, liko nje ya mashine ya kusaga, upande ambao vumbi la unga haliwafikii wanaokaa, na kahawa ya Oliva inatoka kwenye birika lile lile tangu mashine ilipokuwa mali ya mtu mwingine. Wenye benchi ni wanne. Yohanes anaitwa Redio, maana habari humfikia kabla hazijatokea. Qamara ni Injinia, fundi wa matofali ambaye kuta zake unazitambua kwa mbali kwa jinsi zinavyoegemea. Gidion ni Brigedia, kwa ajili ya miezi sita aliyokaa JKT huko pwani ujanani, miezi ambayo kadiri anavyozeeka inazidi kuongezeka. Wa nne ni Hhando, asiye na jina la utani kwa sababu hana ubishi, na kijiweni mtu asiye na ubishi anahesabiwa kama sehemu ya benchi. Ila leo mada ilikuwa yake.

Dada yake Philomena amefundisha shule Pangani miaka thelathini na mitano. Alijenga huko nyumba karibu na bahari, mumewe akafia huko, watoto wakatawanyika. Sasa magoti yanamsumbua, amechoka kula peke yake, na anataka kuuza nyumba arudi Mbulu kabla magoti hayajakataa kabisa safari. Dalali wake, mama mmoja anayeitwa Fausta, analeta mnunuzi Jumamosi. Lakini Fausta anataka kwanza nyumba ipambwe, na Philomena hajui akubali au akatae. Alimpigia Hhando jana akamwambia ampe jibu leo kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa ndiye mwanaume mkubwa aliyebaki kwenye ukoo. Hhando hakulala vizuri. Hajawahi kuiona hiyo nyumba, wala bahari yenyewe.

— Ipambwe vipi? Redio aliuliza. Kama ukumbi wa harusi?

Hhando alitoa simu, akainyoosha mbali na macho, akasoma polepole ujumbe wa dalali ambao dada alimtumia.

— Anasema picha zote za familia zitolewe ukutani. Kuku waondoke. Vyandarua vifichwe. Sebule ipakwe rangi nyeupe. Yeye ataleta makochi ya kukodi, mito, na bakuli la makombe ya baharini la kuweka mezani. Barazani viti viwili vitazame bahari, na mtu asivikalie. Halafu siku hiyo mama mwenyewe asiwepo.

— Asiwepo! Injinia aliweka kikombe chini. Mwenye nyumba asiwepo kwake?

— Akashinde kwa jirani.

— Huyo dalali ni tapeli. Mimi nimejenga nyumba nyingi, sikilizeni. Nyumba isiyo na mtu, isiyo na moshi, isiyo na kuku, mtu akiiona anauliza kitu kimoja tu: wamekufa na nini? Hapo hanunui. Anakimbia.

— Kweli, alisema Oliva huku akimimina. Hata mimi ningekimbia.

— Nyumba inaonyeshwa ikiwa imejaa, Injinia akaendelea. Ijazwe watu. Wanane angalau. Mmoja anapika, mwingine anafua, mzee mmoja amekaa tu mlangoni anakohoa. Mnunuzi anajua hapa pana uhai.

Redio alianza kucheka kabla hajasema neno, na wote wakajua kinachokuja.

— Injinia lazima aseme hivyo. Si ndiye aliyejaza zizi siku wakwe walipokuja kuangalia kwao? Aliazima ng'ombe kumi na moja.

— Kila mtu anaazima, alisema Injinia.

— Kila mtu anaazima. Lakini wewe uliazima kwa jirani wa karibu! Wakwe wamekaa, wanakunywa, wanasifia mifugo, jua linashuka. Ng'ombe wakaona saa ya kurudi imefika. Yule wa mbele akasukuma mti wa mlango, wengine nyuma yake, mstari mmoja, hao, mpaka zizini kwa Hhando. Wakwe wanatazama tu.

— Na mke nikapewa! Injinia alisema. Mzee wao alisema nini? Semeni ukweli. Alisema mtu anayeaminiwa ng'ombe kumi na moja hawezi kuwa mtu mbaya.

Hilo hakuna aliyelikataa, kwa kuwa mke yupo mpaka leo na wajukuu wapo. Hhando mwenyewe alicheka, akapata nafuu kidogo. Kumbe mambo ya Fausta si mageni. Makochi ya kukodi ni wale ng'ombe tu, tofauti ni kwamba makochi hayarudi yenyewe jioni.

— Nyote hamjui pwani, alisema Brigedia.

Alisubiri. Brigedia haongei mpaka asubiriwe.

— Mimi nimekaa kule. Kasoro ya hiyo nyumba haiko sebuleni. Kasoro ni bahari.

— Bahari?

— Bahari. Inapanda. Asubuhi iko kule, mchana iko miguuni kwako. Nimeona kwa macho yangu. Mtu gani mwenye akili atanunua shamba ambalo mpakani kwake kuna maji yanayotembea? Na huyo dalali anaweka viti viwili viyatazame! Anamwonyesha mnunuzi ugonjwa.

— Kwa hiyo? Hhando aliuliza.

— Bahari ifichwe. Dada yako apande ua wa minyaa upande ule, mrefu. Au turubai. Mnunuzi akiuliza ile sauti ni ya nini, aambiwe ni upepo.

Injinia alifikiri, akakubali kwamba kiufundi inawezekana. Redio alikataa katakata. Alisema ana habari za uhakika, kutoka kwa mtu anayeendesha lori la vitunguu saumu mpaka Tanga, kwamba wanaonunua nyumba za pwani hawataki nyumba nzima. Wanataka mbovu. Mlango uliolika chumvi unawafurahisha kuliko mpya, na ukuta ukiwa na ufa wanauita historia.

— Basi badala ya kupaka rangi, abomoe kidogo, alisema Redio. Kona moja tu. Injinia aende akajenge ukuta mmoja kwa staili yake, watalipa mara mbili.

— Nitaenda, alisema Injinia, ambaye hakusikia tusi. Na tupeleke kwaya. Basi moja. Kwaya ikae sebuleni Jumamosi nzima, ionekane ni familia. Wakifika wageni, wanaimba.

— Nyuma ya turubai, alisema Brigedia.

— Nyuma ya turubai, sawa.

Walikuwa wamefika kwenye suala la kwaya ipi, na kama sauti ya nne isafiri au ibaki, Hhando alipotazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro. Ndani ya maneno yote hayo aliona amepata jibu: watu wote hupamba, hapa na huko, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Dada akubali makochi, akubali bakuli, akashinde kwa jirani siku moja. Akaanza kuandika ujumbe kwa kidole kimoja.

Mlangoni kwa mashine alitoka mama mmoja mzee aliyekuwa akingoja mahindi yake yasagwe. Hakuwa wa Masieda. Alikuwa ametoka Getanuwas kumtembelea binti yake aliyeolewa hapa, na jina lake, Oliva aliwaambia baadaye, ni Lucia. Wote wanne wakampa shikamoo, naye akazipokea zote kwa marahaba moja. Brigedia akampisha mwisho wa benchi.

— Nimewasikia kule ndani, alisema. Mashine ina kelele lakini ninyi mmeishinda. Huyo mama wa Pangani ni dada wa nani?

— Wangu, mama, alisema Hhando.

— Akishauza anakuja hapa?

— Anarudi kabisa.

— Atalala wapi?

Nyumba ya Hhando ina vyumba vitatu: kimoja chake na mkewe, kimoja cha wanawe, na cha tatu kimejaa vitunguu saumu mpaka kwenye kenchi za paa. Siku zote alijua Philomena atakaa kwa Akonaay, mdogo wao. Ila sasa alikumbuka kwamba Akonaay juzi alimuuliza kama amekwisha kununua kitanda cha dada, naye akadhani Akonaay anatania.

— Si kwa Akonaay? aliuliza Redio.

Hhando alitikisa kichwa. Redio, ambaye habari humfikia kabla, alitazama barabarani. Injinia alianza kuhesabu kitu kwenye vidole, akaacha. Mama Lucia hakuwa na nia ya kumfedhehesha mtu. Alikuwa ameuliza tu, akageuka kuangalia kama unga wake umetoka.

Aibu ilimpanda Hhando mpaka masikioni. Akafuta ule ujumbe, akapiga simu.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Umeamua? Nikubali?

— Dada, nilitaka kukuuliza kwanza. Ungependa dirisha la chumba chako liangalie wapi?

— Chumba kipi?

— Cha hapa. Fundi niko naye, anaweza kuanza hata kesho.

Benchi zima lilikuwa likisikia kila neno, kwa kuwa simu ya Hhando ina sauti kubwa.

— Kuanza, alisema Philomena. Hhando, mimi nimetangaza kuuza tangu mwezi wa pili.

— Najua, dada.

— Na hamjaanza.

— Hatujaanza.

Alingoja agombezwe. Hata alitamani agombezwe, maana Philomena alimlea, na alikuwa mkali. Lakini sauti iliyokuja ilikuwa ya mtu mpole anayezungumza na jirani.

— Basi mimi nitamwambia Fausta asimlete mtu Jumamosi. Siwezi kuuza kitanda ninacholalia. Mkimaliza kujenga huko kwenu, mnijulishe.

Simu ikakatika. Oliva alipita na birika, na hakuna aliyenyoosha kikombe. Hhando alibaki ameishika simu mkononi. Miaka thelathini na mitano, kila barua na kila simu, dada yake alikuwa akipaita hapa nyumbani; leo alisema huko kwenu.