Yustasi Kashaija, Aliyemtafuta Kaka Yake Kampala

Yustasi Kashaija, tunayemlaza leo katika ardhi ya Ihembe, Karagwe, alizaliwa hapa hapa tarehe 11 Novemba 1921, mtoto wa pili wa mzee Rugemalira na mama Kyarimpa. Aliyemtangulia ni Cassian, aliyezaliwa mwaka 1915. Mama anasema Yustasi alichelewa kutembea kwa sababu Cassian alikuwa hakubali kumshusha mgongoni.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1936, kisha akajifunza useremala miaka mitatu. Alichukia misumari. Alisema kiti kinachoshikwa na misumari kimefungwa, hakijaungwa.

Mwaka mmoja kabla hajamaliza shule, Agosti 1935, Cassian alivuka Mto Kagera pale Murongo kwenda Buganda kuchuma pamba kwa msimu mmoja. Msimu ukaisha. Hakuja yeye, wala salamu zake.

Mzee Rugemalira alifariki tarehe 3 Februari 1947. Siku chache kabla, aliwaita wazee wa ukoo akawaambia: "Kiti changu ni cha Cassian. Asikikalie mwingine." Kila aliyepo hapa anajua maana yake. Matanga ya mwenye nyumba hayamaliziki mpaka mrithi akalishwe kwenye kiti, na kibanja, shamba la migomba la ukoo, hakina msemaji mpaka hapo. Yustasi ndiye aliyemuuguza mzee, ndiye aliyekuwa akipogoa migomba ile kwa miaka kumi na miwili. Alipowauliza wazee afanye nini, walimjibu neno moja tu: "Mlete."

Aprili 1948 alikwenda Kampala kumtafuta. Akapata kazi kwenye karakana moja ya Katwe. Hapo ndipo ilipoanza adha ambayo aliisimulia mpaka mwisho, mara akicheka, mara akiwa amekunja ngumi. Mji ule ulikuwa umejaa watu wa kwao. Mwenye nyumba aliyempangisha chumba alikuwa ameoa binti wa Igurwa, mtoto wa katekista aliyembatiza Yustasi. Fundi cherehani wa barazani aliwahi kuchunga ng'ombe wa mjomba wake Yustasi. Jumapili moja baada ya Misa mtu asiyemjua alimshika bega na kumuuliza kama lile jogoo jeupe la mama Kyarimpa bado linapiga watu.

"Wananijua mpaka kuku wetu," alimwandikia mama. "Nikisema Cassian wa Rugemalira, wote wanatazama chini."

Walitazama chini kwa sababu hawakumjua mtu wa jina hilo. Vijana wetu wengi wakifika Buganda huvua jina la nyumbani na kuvaa la Kiganda, wasichekwe kuwa ni wachuma pamba wa kutoka kusini. Yustasi alilijua hilo. Yeye mwenyewe, kila Jumatatu akiingia kazini, alikuwa Muganda wa Masaka.

Septemba 1950 alipeleka kitanda cha mvule kwa dereva wa lori aitwaye Lutaya, mtaa wa tatu kutoka chumbani kwake. Lutaya alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu. Alipitisha kidole kwenye maungio, akatafuta msumari, akaukosa.

"Kitanda ni kizuri, fundi," alisema kwa Kiganda, "ila Kiganda chako kinachechemea. Kwenu wapi?"

"Masaka."

"Ala! Hata mimi Masaka."

"Basi Masaka imeharibika, bwana. Chako kinatambaa."

Wakacheka mpaka mke wa Lutaya akatoka jikoni kutazama. Kila mmoja alijua mwenzake anadanganya, na kila mmoja kwa adabu akamwachia uongo wake. Yustasi alikunywa maji, akaaga, akaenda.

Alirudi Ihembe Desemba 1951 mikono mitupu. Tarehe 26 Julai 1952 alifunga ndoa na Margreth Kokuhirwa wa Igurwa, mdogo wake mke wa yule mwenye nyumba wa Kampala. Walijaliwa watoto wawili.

Agosti 1953 alikuja kwenye karakana yake hapa mama mmoja wa Ndama, Verdiana, mwenye kuishi Kampala, aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko. Alitaka meza. Alimtazama Yustasi, akapiga makofi.

"Wewe si yule fundi wa Masaka? Kumbe Mnyambo mwenzangu, mtu wa Karagwe! Na jirani yangu Lutaya naye ni wa huku huku kwenu, mlikuwa mnachezeana nini?"

"Lutaya wa wapi, dada?"

"Sijui nyumba yake. Lakini akijibana kidole kwenye lori huapa kwa baba yake. 'Rugemalira!' Mtaa mzima unasikia."

Margreth anasema Yustasi aliendelea kukata ubao uleule mpaka msumeno ukaingia kwenye benchi.

Januari 1954 alikuwa Kampala tena. Lutaya alikuwa amehama miezi miwili nyuma, amekwenda Jinja kwenye kazi za bwawa. Akamfuata. Jinja wakamwambia amehamia upande wa Mbale. Mbale hawakumjua. Kila kituo alikutana na mtu wa kwetu; kila mmoja alikuwa na salamu za kupeleka Karagwe. Alirudi na mfuko wa barua za watu wengine, akazigawa kwa miguu nyumba kwa nyumba, Ndama hadi Igurwa. Zake alizomwandikia Cassian baadaye, zaidi ya kumi, hazikujibiwa.

Kifua kilimwanza mwaka 1956. Alilazwa hospitali ya misheni Aprili mwaka huu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alipomweleza kwa furaha kwamba waliwahi kupanda basi moja kutoka Masaka, Yustasi aligeukia ukutani. Alifariki Jumapili ya Pentekoste, tarehe 9 Juni 1957, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa naye.

Ameacha mama yake Kyarimpa, mjane wake Margreth, na watoto wake Kamugisha na Kyomukama. Ameacha pia kaka, Cassian wa Rugemalira, aitwaye Lutaya, kama yu hai.

Karatasi hii itabebwa na wasafiri, na kwa hiyo tunaandika wazi. Wazee wametoa ruhusa ya kaburi, kwa kuwa mwenye kibanja hayupo wa kuitoa. Ruhusa ya mjane na watoto kuendelea kukaa katika nyumba hii hawakuweza kuitoa. Hiyo ni ya Cassian peke yake. Atakayemkuta amwambie hivyo, na amwambie kwa Kinyambo.

Mungu amfungulie mlango. Keti sasa, Yustasi. Umetafuta vya kutosha.