Mzee Protasi na Pumzi za Agneta

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Protasi Ndikumasabo anafunga mlango wa studio ya Redio Mwambao, hapa Rumonge, baada ya miaka ishirini na miwili ya kurekodi sauti za watu. Mimi, Sikujua, dereva na mwangalizi wa jenereta, nimeombwa kuandika habari zake. Shule niliishia darasa la tano, lakini direkta mwenyewe amekiri kwamba hakuna anayemjua Protasi kunizidi, na direkta ana diploma mbili.

Alikuja mwaka 2003 akitokea Kizuka, alikokuwa akitengeneza redio za wakulima wa mawese. Alibeba begi moja la nguo na mawili ya kaseti: rumba ya Kongo, taarabu kidogo, na wale Wamarekani wa kofia pana na gitaa, waimbaji wa kantri. Kiingereza hakijui. Yeye alisikiliza koo tu. Angekwambia huyu anaimba kwa kifua, huyu kwa pua, na huyu sauti inamvunjika akipanda juu, kama mtu aliyekaribia kulia akakumbuka kuna wageni. Huyo wa mwisho ndiye wake. Waliotetemesha sauti kila mwisho wa mstari aliwaita mbuzi wa Idi. Na hawa wa siku hizi, ambao mashine inawanyooshea sauti, alisema wamepigwa pasi shati likiwa mwilini.

Mimi mwenyewe nilimwimbia mwaka 2006. Sauti yangu wakati ule ilikuwa kali: nikiimba ufukweni, watu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, walikuwa wanaitikia, na samaki wawili wa mukeke waliwahi kuruka wenyewe wakaingia mtumbwini. Mke wangu ni shahidi, alikula mmoja. Protasi akasikiliza mstari mmoja, akavua spika za masikio, akasema, "Sikujua, ndugu yangu, jenereta inakuita." Jenereta ilikuwa imezimwa.

Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuvumilia pumzi. Mwimbaji akivuta hewa kabla ya mstari, yeye alisikia mtu anayefyonza chai ya moto. Akibaki na kompyuta yake alizikata zote, moja moja, kama anayechambua mchele. Nyimbo zilitoka safi, nasi tulimsifu.

Mpaka mwaka 2014, alipokuja Agneta.

Agneta anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, huko Gitaza. Mama yake, Cibalonza, alikuwa kitandani huko Gatete, miguu imekataa, na daktari ameshawaambia ndugu wajiandae. Mama alikuwa na ombi moja tu, amsikie binti yake redioni. Agneta akaja na wimbo aliomtungia, akauimba mara moja. Protasi akakata pumzi zake zote, thelathini na saba, akafuta rekodi ya kwanza yenye pumzi, akaurusha wimbo Jumapili.

Jumatatu ujumbe ukafika kutoka kwa mama: "Huyo si Agneta. Mutoto wangu anapumua. Mulimufanya nini?" Agneta naye akapiga simu: "Mzee, mulichukua sauti yangu mukanirudishia ya marehemu. Kwenu sirudi tena."

Siku ile Protasi alikaa bila kugusa kitu. Kesho yake akabeba mashine ndogo ya kurekodia, akaniambia niwashe gari. Rumonge mpaka Gitaza, kilomita zaidi ya arobaini, nilitumia dakika kumi na tano. Wanaobisha hawajapanda na mimi.

Tulimkuta Agneta ameinamia mchanga, anageuza ndagala. Hakuinua kichwa. "Jua halingoji mutu, mzee. Kama iko na maneno, sema nikifanya kazi."

Protasi akavua viatu, akapiga magoti, akageuza naye safu nzima, vibaya kabisa, mpaka wanawake wakamcheka: "Baba, unageuza ndagala ao unazitandikia kitanda?"

Ndipo akasema: "Nilikosea, mwanangu. Nilifikiri nasafisha. Na mama anangoja."

Agneta akageuza safu nyingine. Kisha akaanza kuimba hivyo hivyo, akiinama na kuinuka, hewa ikimwingia kwa kishindo kila anapoinuka. Protasi alimshikia mikro karibu na mdomo huku machozi yanamtoka. Alidai ni harufu ya samaki.

Wimbo ulirushwa jioni ile, haujaguswa. Majirani wa Gatete walitusimulia: Cibalonza aliomba redio iwekwe juu ya mto, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndiyo yeye. Amechoka, mumupe maji." Siku ya nne akafariki.

Tangu hapo Protasi hajakata pumzi ya mtu, na waimbaji wanatoka hata Bujumbura kumfuata. Hadija, anayerithi kiti chake, ameshaapishwa mbele yangu kwamba hatakata hata moja.

Ijumaa Agneta ataimba katika ua wa redio, bila mikro. Protasi tumemkataza kushika kifaa chochote. Atakaa mbele, mikono mitupu, asikilize kama sisi wengine.

Murakoze cane, asante sana, mzee wetu. Mungu akupe wewe na mkeo, mama Jeneroza, siku nyingi za amani, na masikio yako yasizeeke.