Delmar Anton Skogen na Alama ya Rangi ya Kucha

"Andika 'ajali', Mama. Neno moja tu linatosha," binti yangu Janelle aliniambia leo asubuhi, kalamu kaishika yeye kana kwamba marehemu ni wake peke yake. "Saa sita karatasi ziwe kwa mpiga chapa."

"Siandiki ajali."

"Basi usiiguse kabisa. Baba mdogo Orrin hajasema kama atakuja kesho. Akisikia habari za jicho lake zinasomwa kanisani, ndiyo basi tena."

"Lete kalamu."

"Na nani atakuamini? Wewe uliyewaambia wanakwaya kwamba Baba aliua kulungu wawili kwa risasi moja, wa tatu akafa kwa aibu!"

"Wa tatu alikufa kweli," nikamwambia, kalamu nikainyakua. Shule niliiacha darasa la nne na herufi zangu zinalala kama nyasi zilizopigwa na upepo, lakini mume nilimjua mimi. Wasifu wake ni huu, na uchapwe wote.

Delmar Anton Skogen alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 huko Judith Gap, Montana, mtoto wa kwanza wa Anton na Selma Skogen. Theluji ilikuwa imeziba mlango, mkunga akaingilia dirisha la juu, na inasemekana mtoto alimsaidia kushuka. Miaka mitatu baadaye akazaliwa mdogo wake, Orrin. Tangu hapo hao wawili walikuwa kama soksi: ukimwona mmoja peke yake, unajua kuna jambo.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja hapo hapo, akamaliza sekondari Harlowton mwaka 1959. Mwalimu wa hesabu alimpunguzia alama kwa sababu alikataa katakata kuandika neno "takribani".

Alianza kazi katika karakana ya reli ya Harlowton, fundi wa kuchonga vyuma, hadi reli ilipofungwa mwaka 1980. Baadaye aliendesha greda la barabara la wilaya mpaka alipostaafu mwaka 2003. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa chini ya nyumba yetu, kwenye meza yake ya kujaza risasi upya. Ganda la shaba likishapigwa huvimba. Delmar alilipaka mafuta, akalisukuma ndani ya kalibu kwa mashine ya mkono, likarudia umbo lake. Hatari yote iko kwenye kukaa kwa kalibu. Ikishuka mno, bega la ganda linasukumwa nyuma mno, na ganda linapwaya ndani ya bunduki. Kila likipigwa linavutika, linakonda karibu na kitako, mpaka siku moja linakatika na moto unamrudia mpigaji.

Bunduki ya Orrin, ile ya baba yao, ilikuwa na chumba cha risasi kirefu kidogo. Kwa ajili yake Delmar aliipandisha kalibu unene wa karatasi mbili, akafunga nati, akachora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kwenye kalibu hadi kwenye mashine, ili ikisogea aone. Rangi aliniomba mimi. Ilikuwa ya waridi.

Tulifunga ndoa tarehe 19 Juni 1965 katika kanisa hili la Kilutheri, Orrin akiwa msimamizi. Tulijaliwa binti mmoja. Kila Jumapili Orrin alikula kwetu, na kila Novemba ndugu hao walipanda milima ya Little Belt kuwinda.

Sasa lile ambalo Janelle hataki. Desemba 1988 nilikuwa natengeneza keki ya Krismasi, na njugu za jozi zikanishinda kwa nyundo. Nikashuka kwenye mashine ya Delmar. Ilizipasua kama mayai! Makombo yakaingia ndani ya kalibu. Nikaifungua, nikaisugua kwa mswaki wa Delmar (naye anisamehe), nikairudisha na kuikaza hadi chini kwa nguvu zangu zote, kama mfuniko wa chupa ya jamu. Mstari haukukutana tena. Nikaufuta, nikachora mwingine, ukanyooka vizuri kuliko wa kwanza. Rangi ya waridi ilikuwa imeisha. Nikatumia nyekundu.

Maganda ishirini ya Orrin yakapita katika kalibu ile msimu baada ya msimu. Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1992, Orrin alifyatua mara moja, kitako cha ganda kikakatika. Jicho lake la kulia likaenda.

Hospitalini alimwuliza kaka yake maswali mawili tu.

"Uliijaza wewe?"

"Mimi."

"Mkono wa mtu mwingine haukugusa?"

Delmar akaitazama mikono yake. "Wangu tu."

"Basi uso wako usiniletee tena."

Nilikuwa nimesimama pale pale na mkoba wangu, na ndani ya mkoba mna ile chupa ya rangi nyekundu. Sikufungua mdomo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kushindwa kuufunga.

Tangu siku hiyo Delmar hakumjazia mtu mwingine risasi hata moja. Za kwake mwenyewe alizipekua ganda kwa ganda, kwa waya uliokunjwa ncha, akipapasa ndani kama kuna mfereji pale shaba inapokonda. Na kila Jumapili, miaka ishirini na sita, aliweka sahani ya Orrin mezani. Mimi niliiondoa ikiwa safi.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2017. Januari hii, akiwa na mpira wa hewa puani, aliniita nikae kitandani.

"Verna, ile rangi ya kwanza ilikuwa ya waridi."

"Nyamaza, unamaliza pumzi."

"Nilishuka kuangalia mashine siku ile ile, kabla sijaingia hospitalini. Ndani ya nati mlikuwa na kipande cha jozi."

Nilitamani sakafu ipasuke. "Ulijua? Mbona hukusema, we mwanamume?"

"Orrin ni ndugu yangu, nilidhani atanuna mwaka mmoja. Wewe asingekusamehe. Halafu kosa ni langu pia. Fundi hupima, Verna. Mimi niliamini rangi." Akacheka mpaka mpira ukaingia ukungu. "Na keki yenyewe ilikuwa ngumu."

Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 8 Aprili 2019, saa tatu asubuhi, mkono wake ndani ya wangu.

Watakaosema hii nayo ni hadithi yangu, waje waione. Kalibu nimeiweka mezani hapa jikoni, mstari mwekundu juu yake, na chupa ya rangi iko kando yake, imekauka.

Delmar ameacha mjane, mimi Verna, binti, Janelle, wajukuu, Tessa na Rolf, na mdogo wake mmoja tu, Orrin, ambaye jicho lake halikuondolewa na kaka yake. Niliyeliondoa ni mimi. Sasa Delmar alale, lawama hizi aziache kwangu, na—

Hapo mlango wa jikoni ukafunguliwa. Orrin, kofia mkononi, theluji mabegani. Janelle akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Shemeji," Orrin akasema, bila kuketi. "Kesho nipangeni kubeba upande wa kulia wa jeneza. Huko litakuwa kwenye jicho langu zima. Nataka niwe namwona."

Nikauondoa mkono wa Janelle, nikaisukuma karatasi mezani hadi mbele ya Orrin, upande wake wa kushoto.