Wimbo Uliobaki Mdomoni mwa Kunda

Mwananchi Mkurugenzi wa kiwanda, Mwananchi Komisa wa zoni yetu, wakubwa wa chama, wazee wa kambi, mama zangu, na ninyi ndugu mliofika kutoka Kasenga na samaki wenu, nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi Kapinga nimepewa nafasi ya kusema kwa niaba ya mume wangu anayestaafu leo: Kunda, tuliyemwita Rigobert kabla serikali haijatuamuru kuacha majina ya Kizungu. Yuko pale kwenye kiti cha mbele, ameshika usukani wa baiskeli mliyomzawadia, kwa mkono wa kushoto. Baiskeli ni nzuri sana. Tunashukuru, na miguu ikipatikana ataipanda.

Mnamjua kwa kazi mbili. Alikuwa mkubwa wa timu kwenye tanuri la shaba, na kila asubuhi, kabla ya kazi, ndiye aliyewaongoza kuimba na kucheza wimbo wa chama mbele ya bendera. Nani hapa hakuwahi kucheza kwa sauti yake? Hata wenye usingizi walicheza.

Kisha damu ikampanda kichwani, akaanguka. Upande wa kuume ukafa, na maneno yakamtoka yote. Hakuweza kusema maji, wala kuniita kwa jina. Alilia, na mimi nikalia.

Gari la kiwanda likawa linakuja kumpeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo. Nyumbani nilifanya yangu. Mnajua sisi hatuli bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto, na mwanaume wa kwetu hapendi kulishwa na mke wake mbele ya watoto. Kunda alifunga mdomo. Basi nikawa naweka tonge la vuguvugu ndani ya mkono ule uliokufa, nafunga vidole vyake kwa vyangu, tunalifinyanga pamoja, tunachovya kwenye mboga ya sombe, tunapeleka mdomoni. Bukari nyingi ilianguka kifuani. Lakini kidole gumba kilianza kukaza. Mama Mwenze jirani yangu ni shahidi, ndiye aliyenisaidia kufua mashati.

Siku moja tukatembelewa na mkubwa mmoja wa nyimbo za chama. Simtaji jina, yumo humu na amevaa vizuri. Akaanzisha wimbo ili kumfurahisha mgonjwa, na Kunda akauimba wote, kila neno mahali pake. Muganga wa hospitali alikuwa ameshaniambia kwamba nyimbo hukaa kichwani mahali ambapo ugonjwa huu mara nyingi haufiki. Mgeni wetu hakuuliza. Alitoka akisema, "Ule muzee iko muzima. Anajifanya tu mugonjwa, hataki kazi."

Ndilo kosa letu siku hizi: anayeimba vizuri hahesabiwi mgonjwa.

Baada ya maneno hayo gari halikuja tena. Kunda akaitwa arudi mbele ya bendera. Nilimvalisha, nikamfunga viatu, nikamfikisha langoni. Aliinua mkono uliokuwa umeanza kupona, akaimba, na kabla wimbo haujaisha akaanguka mara ya pili. Mliendelea kucheza, maana nani angethubutu kuwa wa kwanza kuacha kucheza? Siwalaumu ninyi. Lakini nina hasira, wakubwa zangu, na nimezeeka vya kutosha kuisema.

Mguu haujarudi. Mkono tumeuanza upya, kwa bukari ileile.

Najua sherehe zetu hazifungwi bila wimbo. Nawapigia magoti: leo msiuimbe. Mkiuanza, Kunda ataumaliza, nanyi mtapiga makofi na kusema amepona. Jana tulipokuwa tunakula, mkono wake ndani ya wangu, aliniangalia akasema, "Kapi." Tangu aanguke, hilo ndilo neno la kwanza ambalo hakuliimba. Ni nusu ya jina, lakini ni jina langu, na naogopa wimbo usije ukalifukuza.

Asanteni kwa masikio yenu. Mkiondoka, ondokeni kimya kimya. Bado anaitafuta nusu iliyobaki.