Aliyepiga Kura Akiwa Ameketi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imemtuma dada mdogo wa marehemu asome maisha ya kaka yake, na mtamvumilia akisoma polepole, maana hataki kuruka neno hata moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mpishi wa shule na mama muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto, akasoma shule ya msingi hapo hapo mtaani hadi darasa la saba, kisha akapelekwa kwa mjomba wake kujifunza ushonaji. Mjomba alikuwa mkali, alimfumulisha mfuko mmoja mpaka kitambaa kikachakaa, lakini ukali huo ndio uliompa kazi ya maisha, hata mtaa mzima mkamwita Fundi Suruali.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na mke wake mpenzi, aliyemjua alipoleta sketi ipunguzwe, akarudi mara tatu kulalamika kwamba bado ni ndefu, na Mungu akawajalia wavulana watatu na binti mmoja. Binti huyo, aliyekuwa kifungua mimba wao, alifariki tarehe 2 Juni 2013 akiwa na uchungu wa kuzaa, ndani ya gari la kukodi, njiani kwenda hospitali ya mbali, kwa sababu zahanati yetu haikuwa na wodi ya wazazi, wala mpaka leo haina.

Msiba huo ndio uliomsukuma marehemu agombee udiwani mwaka 2020, kwa tiketi ya chama kidogo, akashinda kwa kura kumi na moja, na matokeo yote yalipotangazwa vyama viwili vikubwa vilikuwa vimepata viti kumi kwa kumi, yeye akabaki katikati, na wiki ile madiwani wote wakakumbuka ghafla kwamba suruali zao zinabana. Hakupokea bahasha ya mtu, alitaka wodi tu, na Mwenyekiti wa halmashauri, ambaye amefika na ameketi pale mbele, aliahidi akiwa sebuleni kwetu, kikombe chetu mkononi, akamwambia mke wa marehemu, "Shemeji, msingi utachimbwa kabla ya mvua," ndipo marehemu akampa kura yake, naye akaupata uenyekiti.

Mvua zilikuja zikaondoka, Mwenyekiti akamvuta diwani mmoja wa upande wa pili, akawa hana haja na fundi tena, kiwanja cha wodi akampa ndugu yake ajenge kituo cha mafuta, na marehemu alipouliza kikaoni alijibiwa, "Fundi, rudi kwenye vifungo vyako," watu wakacheka, na kicheko kile familia haijakisahau.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, miguu ikavimba, akawa hawezi kusimama, na wakati huo huo yule diwani aliyevutwa aligombana na Mwenyekiti akarudi kwao, viti vikawa kumi kwa kumi tena, ikaitishwa kura ya kumwondoa Mwenyekiti tarehe 17 Februari mwaka huu. Katika halmashauri yetu kura hupigwa kwa kusimama, karani akihesabu, na marehemu aliingizwa ukumbini na wanawe wakiwa wamembeba kwenye kiti, zamu ya wanaomkataa Mwenyekiti ilipofika akanyoosha mkono juu. Karani alimtazama Mwenyekiti, naye Mwenyekiti akasema, "Kanuni ni kanuni, Fundi, aliyeketi hajapiga kura." Marehemu alishika meza ajiinue, magoti yakakataa, ikawa sare, na kwa kuwa sare huvunjwa na Mwenyekiti, akajiokoa kwa kura yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo marehemu hakulalamikia tena maumivu, aliulizia tu kama hesabu imerekebishwa, hadi Mungu alipomchukua tarehe 26 Februari, mke wake akiwa amemshika mkono, mkono ule ule.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kutuchotea maji, na mafundi wenzake mliofunga vibanda vyenu mkamshonea suti ya safari hii. Karani wa halmashauri alikuja kutuomba radhi, tumemsamehe. Mwenyekiti hakuomba radhi, ameomba nafasi ya kutoa salamu, na nafasi hiyo haipo. Tumefundishwa kumwachia Mungu kisasi, nasi tumemwachia, ila tunamwomba asichelewe.

Sasa nyote simameni tumuage ndugu yetu, na ninyi wazee na wagonjwa kaeni bila wasiwasi, mtahesabiwa pamoja nasi, lakini Mwenyekiti, hata akisimama, familia hii haimhesabu. Kaka, pumzika, Mungu akupe amani waliyokunyima.