Ngazi Tatu za Dada Polepole

Familia imeniomba nisome maisha ya dada yetu bila kulia. Nimewaambia nitajitahidi, sikuahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mshonaji wa nguo. Mlango wa nyuma wa nyumba yetu ulikuwa na ngazi tatu za saruji, zinazoshukia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mama alianika, na yeye alikaa ngazi ya chini kabisa akimpa vibanio kimoja kimoja. Naomba mzikumbuke ngazi hizo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza sekondari 1985, na Septemba 1989 akahitimu uuguzi. Jina la Dada Polepole alipewa shuleni, kwa sababu hakuna kengele iliyowahi kumkimbiza. Likamganda hadi kwenye karatasi mliyoishika sasa.

Mwaka 1990 alipangiwa wodi ya walioungua, akakaa humo miaka thelathini na mitatu. Waliowahi kulazwa huko wanaijua saa ya kubadilisha bandeji. Vilio vya saa hiyo alirudi navyo nyumbani. Ndipo mwaka 2003 akajiunga na masomo ya jioni ya tiba ya hipnosisi, miaka miwili. Mimi ni fundi umeme, naamini kinachowasha testa. Nilimwambia hayo ni mazingaombwe. Hakukasirika. Alinieleza kwamba mgonjwa halali wala hatawaliwi na mtu. Anasikia kila kitu, na akitaka kuinuka anainuka. Anasaidiwa tu kuielekeza akili mahali pengine, mwili ulegee, na ule woga unaozidisha maumivu upungue. Haiponyi kidonda, alisema, na dawa haiachwi. Tena wapo isiowafaa kabisa.

Yeye alimwambia mgonjwa achague ngazi anazozijua, kisha azishuke akilini huku akimhesabia. Kazi ikiisha, alimhesabia tena hadi juu. Kanuni zake zilikuwa mbili: usimchagulie mtu ngazi, na usimwache mtu chini. Mchomeleaji mmoja wa vyuma, ambaye kelele zake zilifika wodi ya pili, alichagua ngazi ya jukwaa la ujenzi. Bandeji zilipokwisha alimwambia, "Sista, maumivu nimeyasikia, ila yalikuwa chumba cha jirani."

Tarehe 17 Desemba 1994 alikuwa ameolewa na shemeji yetu, fundi wa makochi. Ndiye aliyemtengenezea kiti cha wagonjwa. Mto wa kichwa aliurudia mara nne, kwani kila alipoujaribu alipitiwa na usingizi akakoroma. Dada alisema huyu hahitaji tiba, anahitaji kuamshwa.

Julai 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kufikia Januari mwaka huu dawa za maumivu zilifika kiwango cha mwisho, na maumivu hayakujali. Mganga hajigangi. Alijaribu kujihesabia, sauti ikakatika njiani. Tulimtafuta mwalimu wake, tukaambiwa alishafariki. Hakukuwa na mwingine. Mara tatu katika maisha yake dada aliniomba nijifunze kazi hii ili nyumbani tuwe wawili, na mara tatu nilicheka. Majuto ni mjukuu. Nililishika daftari lake la masomo yale ya jioni kama mtu anayezama.

Siku ya kwanza nilivunja kanuni ya kwanza. Nilimchagulia ngazi za hospitali, nikidhani ndizo alizozizoea zaidi. Alifumbua macho.

"Mdogo wangu, huko ni kazini. Nitapumzika vipi kazini?"

Nikamuuliza anataka zipi. Akasema za nyuma ya nyumba.

"Dada, zile ziko tatu tu."

"Zinanitosha. We hesabu polepole."

Nilimhesabia siku kumi na tisa. Siku nyingine alipata nafuu ya robo saa. Siku nyingine hakupata chochote, akauma shuka mpaka ikachanika, nami nikaendelea kuhesabu kwa sababu sikujua kufanya kingine. Sitasema aliondoka kwa urahisi. Hakuondoka kwa urahisi.

Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na nusu jioni, nilihesabu tatu, mbili, moja, na mikono yake ikalegea. Nikafurahi. Nilimwacha apumzike kidogo, kisha nikaanza kumrudisha: moja, mbili, tatu. Hakufumbua macho. Nikarudia. Nilirudia hadi daktari wa zamu akanishika bega, na mumewe akaniambia, "Shemeji, mwache." Nilimwacha chini. Hiyo ndiyo kanuni ya pili, na hiyo nayo nimeivunja.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mmoja mchoraji ramani na mwingine mwanafunzi wa uuguzi, mjukuu mmoja, mimi mdogo wake, na mama yetu mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Jana mchana mama aliniuliza mwanawe alikuwa wapi mwishoni. Nikamwambia alikuwa ngazi ya chini, pale kwenye kamba. Mama akaniuliza tena.

"Vibanio alikuwa navyo?"

Sikumuuliza, mama. Nisamehe, sikumuuliza.

Dada Polepole, sihesabu tena. Kaa hapo ulipochagua, upumzike kwa amani.