Fundi Andrea Eustakio, Aliyebaki na Pipa Lake (1920–1958)

Ndugu waombolezaji, marehemu Andrea Eustakio alizaliwa tarehe 3 Machi 1920 hapa Chinongwe, kwa wazazi waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Utotoni alikuwa hodari wa kufukia mihogo kwenye majivu, na hakuruhusu mtu aifukue mpaka yeye aseme. Wenzake walidai ni uchoyo. Hawakukosea sana.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1935 baba yake alipofariki. Wakati wa vita alichukuliwa jeshini, na huko Nairobi, kwenye karakana ya magari, akajifunza kuchomelea vyuma. Mwaka 1948 alirudi kusini akapata kazi Nachingwea, kwenye matrekta ya mashamba ya karanga. Mashamba yalipodorora mwaka 1951, tajiri mmoja mwenye kinu cha mafuta Ruangwa akamchukua.

Kazi yake kubwa kinuni ilikuwa kuunda mapipa ya kupashia mafuta moto. Mafuta hupita ndani ya mabomba yaliyopangwa pipani, na mvuke huyazunguka kwa nje. Marehemu alisema chuma kikishachomelewa hubaki kimejikaza, na kikipewa mvuke hivyo hivyo hupasuka penye kiungo. Kwa hiyo alililaza pipa zima kwenye shimo la mkaa hadi liwe jekundu, akapunguza moto polepole, kisha akalifukia kwa majivu lipoe lenyewe mpaka kesho yake.

Alifunga ndoa tarehe 24 Juni 1950 na Josephina, dada wa Stefano anayewasomea haya. Binti yao wa pekee, Magreti, alizaliwa mwaka uliofuata. Siku zile marehemu alicheka hata na majirani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mwaka 1952 jirani alifiwa, na kama ilivyo desturi yetu wanaume wote wakaenda na majembe. Marehemu naye akaacha pipa kwenye majivu, akaenda kuchimba kaburi. Huku nyuma tajiri akaona anacheleweshwa, akaamuru pipa lifukuliwe na kumwagiwa maji. Wiki hiyo hiyo likapasuka. Mvuke ulimchemsha Saadi aliyekuwa zamu, akafa akilia apewe maji. Marehemu akaapa kwamba hataacha tena pipa, hata afe nani.

Basi tarehe 14 Oktoba 1954 Seleman, jirani yake, akafika kinuni kwa baiskeli, anahema.

"Fundi, mtoto amefariki. Ile homa. Tunazika jioni."

"Pipa li motoni, Seleman."

"Magreti, nakwambia! Mwanao!"

"Nimesikia. Nikiondoka watalifukua, na watu watakufa. Zikeni."

Magreti akazikwa bila baba. Marehemu alifika kesho yake, majivu hadi kwenye nyusi. Pipa lile halijapasuka mpaka leo.

Josephina hakumfukuza. Alimpikia kila siku, akakiacha chakula kipoe kabisa, ndipo akatenga. "Kula, Fundi. Kimepoa chenyewe." Hakumwita tena Baba Magreti. Marehemu alikula na kushukuru, miaka yote. Ni nani alikuwa katili zaidi, kila mtu hapa ana jibu lake. Stefano ana lake, na dada yake analijua.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1956. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1958, nyumbani kwake. Tulituma mtu kinuni kuomba wachimbaji. Abdalah, ambaye marehemu alimfundisha kazi kwa mkono wake, alijibu hivi: "Poleni sana. Pipa liko kwenye majivu, na nikitoka watalifukua." Watu walikasirika. Josephina alicheka, akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akalia. Kaburi hili limechimbwa na Stefano pamoja na Saburi, kaka yake Saadi. Wengine mlikuja mikono mitupu, na sababu zenu tunazifahamu.

Marehemu ameacha mjane na dada mmoja. Mtoto alitangulia. Atalazwa pembeni ya Magreti, kwa agizo la Josephina mwenyewe, aliyesema asubuhi hii: "Mwekeni hapo. Baba Magreti amechelewa, lakini afike."

Apumzike kwa amani, ila kwanza amweleze mwanawe.